Sura ya Sita: Nani Mwingine Anausoma Ukurasa Huu?

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Utemini, Singida, hujaa kuanzia asubuhi. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanakuja na bahasha za vyeti, wengine wameongozana na mama au mjomba atakayewadhamini, na karibu wote wanataka kitu kile kile: wafunguliwe akaunti kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, wajaziwe fomu, wapigwe picha ya pasipoti, picha ipunguzwe ukubwa hadi mfumo uikubali, kisha wapewe namba ya malipo. Msimu huo ukipita, zinakuja kazi nyingine. Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. TIN. Usajili wa jina la biashara BRELA. Zabuni za serikali kupitia NeST. Cheti cha kuzaliwa RITA. Mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Misuna, mkamuaji wa alizeti, mwanachuo wa kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, mwalimu anayeomba uhamisho: wote hawa hupita kwenye kiti kimoja, mbele ya kompyuta moja, ndani ya kivinjari kimoja.

Mtu anayeketi kwenye kiti hicho ameshaambiwa mengi kuhusu usalama wake. Asimpe mtu namba ya siri ya simu, asibofye viungo asivyovijua, asiandike nenosiri lake nyuma ya daftari. Ni ushauri mzuri, na namheshimu kila anayeufuata. Lakini haukigusi kitu kilichokaa ndani ya kivinjari chenyewe, kinachousoma kila ukurasa sambamba na yeye.

Juu kulia kwenye Chrome, pembeni ya mahali pa kuandikia anwani, kuna alama ndogo yenye umbo la kipande cha picha ya kuunganisha. Watu wengi hawajawahi kuibofya. Ukiibofya inashuka orodha ya viendelezi, yaani programu ndogo zinazoishi ndani ya kivinjari na kukiongezea uwezo ambao hakikuzaliwa nao. Kwenye kompyuta ya steshenari iliyofanya kazi miaka mingi, orodha hiyo huwa ndefu. Kimo cha kugeuza faili kuwa PDF, kimo cha kupunguza picha, kimo cha kupakua video, kimo cha kuzuia matangazo, ipo VPN ya bure, na kipo kimoja ambacho hakuna anayekumbuka kilifikaje. Kila kimoja kiliwekwa kwa nia njema. Mteja alikuwa amesimama, foleni ni ndefu, mfumo umelikataa faili kwa kuwa ni kubwa, mhudumu akatafuta haraka, akapata kiendelezi cha bure, kazi ikaenda. Mteja akaondoka na furaha yake. Kiendelezi kikabaki. Mwaka uliofuata bado kilikuwepo, na kijana aliyekiweka alishahamia Dodoma.

Siku kinapowekwa kiendelezi kinachotaka kufika kila ukurasa, Chrome huonyesha kisanduku chenye onyo kwamba kiendelezi hicho kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Watu hulipita onyo hilo kwa kasi ile ile wanayopitia masharti ya huduma. Lichukuliwe kama lilivyo, maana limeandikwa kwa ukweli kamili. Kusoma maana yake ni kwamba kiendelezi kinaona kinachoandikwa kwenye fomu: jina, namba ya NIDA, namba ya mtihani, hata nenosiri, kabla kitufe cha kutuma hakijabonyezwa. Kubadilisha maana yake ni kwamba kinaweza kupachika tangazo pasipokuwa na tangazo, kuelekeza kiungo kwingine, au kubadili tarakimu zinazoonekana kwenye kioo. Wengi wetu tumefundishwa kwamba anwani ikianza na https tuko salama. Ulinzi huo ni wa njiani, kati ya kompyuta na seva. Data ikishafika hufunguliwa ili macho yaisome, na hapo inapofunguliwa ndipo kiendelezi kilipo.

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani kila kiendelezi ni mwizi. Vingi vimeandikwa na watu waadilifu, wengine kwa kujitolea usiku baada ya kazi zao. Tatizo liko kwenye mpango wenyewe. Kiendelezi hujisasisha chenyewe, kimya kimya, bila kukuuliza, ili mradi hakiombi ruhusa mpya. Na kile ambacho tayari kina ruhusa ya kusoma kila kitu hakina haja ya kuomba zaidi. Kwa hiyo ulichokichunguza leo sicho kitakachokuwepo mwezi ujao. Ni sawa na kumpa fundi bomba ufunguo wa nyumba: unamjua, unamwamini, kazi yake safi. Siku moja anauza biashara yake, na ufunguo wako umo ndani ya bei.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa The Great Suspender. Kiendelezi hiki kilikuwa mkombozi wa kompyuta dhaifu. Mtu mwenye mashine ya GB 4 akifungua vichupo 20, mashine hukwama. The Great Suspender kilikuwa kikivilaza vichupo visivyotumika ili kumbukumbu ya kompyuta ipumue. Kilitungwa na Dean Oemcke, msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, na watumiaji wake walipita milioni 2. Mwezi Juni 2020 Oemcke alikiuza kwa mtu ambaye jina lake halikutajwa hadharani. Oktoba mwaka huo likatoka toleo jipya dukani, na wajuzi waliolipekua wakaona limewekewa msimbo wa kuvuta maagizo kutoka seva za nje, msimbo ambao haukuwemo kwenye ule uliowekwa wazi. Walipiga kelele kwa miezi. Tarehe 4 Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta zote, ikisema kina programu hasidi. Watu waliokuwa wamelaza makumi ya vichupo wakajikuta navyo vimefungika, wakahangaika kuvirudisha.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo huwa halitajwi, nami naliona ndilo kubwa. Kazi iliyowafanya watu milioni 2 wampe mtu wasiyemjua ruhusa ya kusoma kila ukurasa, leo inafanywa na kivinjari chenyewe. Edge ililaza vichupo kuanzia 2021. Chrome ikaongeza Kiokoa Hifadhi yake mwanzoni mwa 2023. Hata PDF, ambayo ndiyo sababu ya nusu ya viendelezi vya steshenari, kivinjari chochote cha leo huifungua, na amri ya kuchapisha ina chaguo la kuhifadhi ukurasa kama PDF. Picha ya skrini Windows yenyewe inapiga. Viendelezi vingi tunavyovitegemea vilijibu hitaji ambalo limekwisha, na tumeendelea kuvilipa kwa data za wateja.

Tena, si lazima mmiliki auze. Mkesha wa Krismasi 2024, mfanyakazi wa kampuni ya Marekani iitwayo Cyberhaven alipokea barua pepe iliyojifanya inatoka kwenye duka la viendelezi la Chrome. Akabofya, akatoa idhini, na wahalifu wakapata uwezo wa kupandisha toleo lao la kiendelezi cha kampuni. Watumiaji wapatao 400,000 walikuwa wanakitegemea. Sikukuu ikiwa imewatawanya watu, toleo lile likaanza kujisambaza lenyewe, likiwinda hasa akaunti za matangazo za Facebook. Wachunguzi walipofuata nyayo wakakuta makumi ya viendelezi vingine vimeingiliwa kwa mbinu hiyo hiyo. Na Cyberhaven ni kampuni ya usalama. Biashara yake ni kuzuia data za wateja zisivuje.

VPN za bure zinastahili kutajwa peke yake. Mei 2025 mtandao wa X ulipoacha kufunguka Tanzania, watu wengi walikimbilia VPN. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, TCRA ilikuwa imetoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo, kwa hiyo msomaji ajue upande wa sheria kabla ya upande wa teknolojia. Hapa nazungumzia teknolojia. VPN iliyowekwa kama kiendelezi hupitisha safari zako zote za ndani ya kivinjari kwa mtu mwingine, na mtu huyo analipia seva. Ikiwa wewe humlipi, yuko anayemlipa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji wa bure, ilikuwa ikiuza njia ya intaneti ya watumiaji hao kupitia kampuni yake ya Luminati. Kwa mtu anayenunua bando, hiyo ina maana kwamba MB alizolipia zilibeba mizigo ya watu wengine, kwa anwani yake. Agosti 2025 wachunguzi wa Koi Security wakaeleza kuhusu FreeVPN.One, kiendelezi chenye watumiaji zaidi ya 100,000 na alama ya kuthibitishwa kwenye duka la Chrome, kwamba kilikuwa kikipiga picha kurasa ambazo mtumiaji anazifungua na kuzituma kwenye seva zake. Fikiria picha hizo zikipigwa kwenye kompyuta ya steshenari mwezi wa maombi ya mikopo.

Upo utegemezi wa aina nyingine, ambao kosa lake haliko kwa kiendelezi kabisa. Mwaka 2014 Mkanada Raymond Hill alitoa uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo na vifuatiliaji. Hill hakutaka hata michango ya fedha. Kwa mtumiaji wa Singida anayepima bando lake kwa MB, faida yake ilionekana mara moja, kwa sababu video za matangazo zinazojicheza zenyewe na hati za kumfuatilia msomaji hazikupakuliwa kabisa. Ukurasa ulifunguka haraka, bando likadumu. Kwenye Chrome pekee watumiaji wake walipita milioni 30. Kisha Google, yenye Chrome na ambayo chanzo chake kikuu cha mapato ni matangazo, ikabadilisha kanuni za viendelezi. Kanuni hizo mpya, zinazoitwa Manifest V3, zilitangazwa mwishoni mwa 2018 na zikaanza kutekelezwa kwa nguvu Oktoba 2024. Zamani kiendelezi kiliweza kuangalia kila ombi linalotoka kwenye kivinjari na kuamua pale pale kulizuia au kuliachia. Sasa hukabidhi orodha ya kanuni mapema, yenye kikomo, na kivinjari ndicho kinachoamua. Google ilisema lengo ni usalama na kasi, na kwa visa nilivyosimulia hapo juu hoja ya usalama ina uzito wake. Hata hivyo kufikia katikati ya 2025 uBlock Origin kamili kilikuwa kimezimwa kwenye Chrome, na waliobaki humo wakaambiwa watumie toleo jepesi lenye uwezo pungufu.

Watu hao milioni 30 hawakufanya kosa lolote. Walichagua kiendelezi kizuri, cha mtu mwadilifu, ambacho hakijauzwa wala kuingiliwa. Walichosahau, na ni rahisi kukisahau, ni kwamba kiendelezi ni mpangaji, na mwenye nyumba ni kivinjari. Ndiyo maana naamini swali la viendelezi haliwezi kutenganishwa na swali la kivinjari kipi unakitumia.

Na hapa Afrika Mashariki tuna historia yetu ya kujaribu vivinjari mbadala, tena historia ya kujivunia. Kabla Chrome haijazaliwa Septemba 2008, vijana wengi wa mikoani waliingia kwenye intaneti kwa mara ya kwanza kupitia Opera Mini, kwenye simu ndogo ya vitufe yenye kioo kisichozidi upana wa vidole vitatu. Opera Mini ilitoka Norwe mwaka 2005, ikafunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006. Ujanja wake ulikuwa kwamba simu haikuufungua ukurasa. Seva za Opera ndizo zilizoufungua, zikaubana, zikaituma simuni picha nyepesi ya ukurasa huo, wakati mwingine kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wa awali. Watu walisoma matokeo ya mtihani, habari za mpira na ujumbe wa Facebook kwa salio la vocha ya kukwangua. Hakuna aliyewaamuru kukihama kivinjari kilichokuja na simu. Waliambizana shuleni na vijiweni, wakatumiana kwa Bluetooth.

Opera Mini iliwafaa watu hao kuliko kitu kingine chochote kilichokuwepo, na sikubaliani na wanaoibeza leo. Lakini ilikuwa na gharama yake: seva iliyoubana ukurasa iliufungua pia, kwa hiyo ulinzi wa kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari haukuwepo kwenye hali hiyo ya kubana. Na wamiliki nao hubadilika. Jon von Tetzchner, mmoja wa waasisi wawili wa Opera, aliondoka 2011. Mwaka 2013 Opera ikaacha injini yake yenyewe na kujengwa juu ya ile ya Chrome. Mwaka 2016 biashara ya kivinjari ikanunuliwa na kundi la wawekezaji wa China, na miaka michache baadaye Wakenya wakaijua kampuni hiyo hiyo kwa OKash, programu ya mikopo ya simu. Von Tetzchner akaanzisha Vivaldi. Jina likibaki lile lile, mtu mwenye funguo anaweza kuwa mwingine.

Anayetaka kujaribu kivinjari kingine leo anakutana na majina mengi na mizizi michache. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na kile cha Samsung vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi unaoongozwa na Google. Firefox ya shirika la Mozilla ndicho kivinjari kikubwa kinachotembea kwa injini yake nje ya familia hiyo na nje ya Safari ya Apple. Tofauti hii ina matokeo dukani. Firefox imebaki kuikubali uBlock Origin kamili. Brave, iliyoanzishwa na Brendan Eich, aliyewahi kuwa Mozilla na ndiye aliyebuni lugha ya JavaScript, imeweka kizuia matangazo ndani ya kivinjari chenyewe, hivyo mabadiliko ya kanuni za viendelezi hayakukigusa. Kwa steshenari ningependekeza njia ya Brave kwa sababu hiyo hiyo: unapata ulinzi bila kumwalika mgeni wa tatu.

Kwenye simu hali ni tofauti kidogo. Chrome ya Android haipokei viendelezi, jambo ambalo limewaokoa watu wengi bila wao kujua. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa mamia ya viendelezi Desemba 2023. Kabla ya hapo waliotaka viendelezi simuni walikimbilia Kiwi, kivinjari kilichotengenezwa na mtu mmoja, na Januari 2025 mtu huyo akatangaza kwamba ameacha. Waliokuwa wamehifadhi kila kitu humo ikabidi wahame tena.

Firefox nayo si ngome isiyotikisika. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2019, cheti cha kidijiti ambacho Mozilla hukitumia kuthibitisha viendelezi kilifikia mwisho wa muda wake, kwa kuwa hakuna aliyekihuisha. Dunia nzima, viendelezi vya Firefox vikazimika kwa mkupuo. Hata kivinjari cha Tor, kinachotegemewa na waandishi wa habari na watu walio hatarini, kikapoteza kiendelezi chake cha kuzuia hati. Marekebisho yalianza kusambazwa ndani ya siku hiyo, lakini somo lake lilikuwa chungu. Na fedha nyingi za Mozilla hutoka kwa Google, inayoilipa ili iwe injini ya utafutaji ya mwanzo ndani ya Firefox. Uhuru wake una mipaka, na anayeichagua aichague akijua.

Kwa Utemini, hata hivyo, kuna sababu moja ya kuweka Firefox ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha: mashine za mtumba. Kompyuta nyingi za maduka madogo zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na baadhi bado zina Windows 7. Chrome iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa 2023. Toleo la 109 ndilo la mwisho linalofanya kazi humo, na matundu yaliyogunduliwa tangu wakati huo hayajazibwa. Firefox toleo la 115, la Julai 2023, ndilo la mwisho kukubali Windows 7, 8 na 8.1, lakini Mozilla ikaamua kulitengenezea viraka vya usalama kwa muda mrefu zaidi na ikauongeza muda huo zaidi ya mara moja. Hiyo si tiba ya kudumu. Windows 10 nayo iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wimbi la pili la mashine zilizoachwa liko njiani. Lakini mwenye duka asiye na fedha ya kompyuta mpya mwaka huu, akitoka Chrome 109 na kwenda Firefox 115, maadamu viraka vyake bado vinatolewa, amepunguza hatari bila kutoa shilingi zaidi ya bando la kupakua.

Kuhama kwenyewe huonekana kugumu kuliko kulivyo. Kivinjari kipya kitajitolea kuchukua alamisho na manenosiri kutoka kile cha zamani, na kazi huisha kwa dakika chache. Ukihamisha manenosiri kwa mkono, Chrome itakupa faili la CSV, na hapo ndipo pa kusimama. Faili hilo halijafichwa kwa namna yoyote. Ukilifungua kwa Excel, unaona tovuti, jina la mtumiaji na nenosiri, mstari kwa mstari. Kwenye steshenari ambayo imekuwa ikibofya “hifadhi” kila mteja anapofungua akaunti, faili hilo linakuwa daftari la siri za nusu ya kata. Lisiachwe kwenye folda ya vipakuliwa. Lisitumwe kwa WhatsApp. Na likishatumika lifutwe, kisha pipa la takataka la kompyuta limwagwe.

Tena ningemshauri mwenye duka asiyahamishe kabisa. Manenosiri ya wateja hayana sababu ya kuwa pale. Najua kwa nini yanahifadhiwa: mteja hurudi baada ya wiki mbili amesahau, na mhudumu anayemfungulia papo hapo huonekana hodari. Kumbe msaada wa kweli ni kumwandikia mteja nenosiri lake kwenye karatasi yake, si nyuma ya daftari linaloonekana na wote, aondoke nalo, na namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe yake mwenyewe, sio ya duka. Nimeona watu wakikosa nafasi kwa sababu ujumbe wa uthibitisho uliingia kwenye simu ya mhudumu aliyekuwa ameshaacha kazi.

Kuna zana moja iliyomo tayari ndani ya Chrome, Edge na vivinjari vingine vya familia hiyo, na ingetosha kubadili hali ya steshenari zetu kama ingezoeleka. Ni dirisha la mgeni. Bofya picha ya wasifu juu ya dirisha, chagua Mgeni, na linafunguka dirisha jipya lisilo na historia, lisilo na manenosiri yaliyohifadhiwa, na lisilo na kiendelezi hata kimoja. Mteja anafanya kazi yake humo. Ukilifunga, vidakuzi na historia ya mteja huyo vinafutika, na anayefuata hakuti akaunti ya mtu imebaki wazi. Dirisha fiche lina faida inayokaribiana, kwa kuwa viendelezi havifanyi kazi humo mpaka mtu aviruhusu kwa makusudi. Tahadhari ni moja: faili zilizopakuliwa hubaki kwenye folda hata baada ya kufunga. Vyeti vilivyoskaniwa, picha, fomu zilizojazwa, zote zipo pale hadi mtu azifute.

Mteja naye ana haki ya kuomba. Mama anayempeleka binti yake kujaza fomu anaweza kumwambia mhudumu, kwa upole, “Naomba mwanangu unifungulie dirisha la mgeni,” na kabla ya kuondoka, “Sasa tufutie na zile picha.” Hilo halimvunjii mtu heshima. Mhudumu mwenye adabu ya kazi atalifanya akitabasamu, na akizoea ataanza kulifanya bila kuombwa.

Sheria iko upande wa mama huyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imeunda Tume inayosimamia wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Haisemi kwamba duka dogo limesamehewa kwa kuwa ni dogo. Kiendelezi kinachosoma fomu za wateja na kuzipeleka kwenye seva isiyojulikana ni njia ya asiyehusika kuzifikia, hata kama mwenye duka hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila mwenye steshenari wa Utemini, na kwa kila mwenye kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, ni hili. Kesho asubuhi kabla mteja wa kwanza hajaingia, andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani na uipitie orodha. Kila kiendelezi usichoweza kueleza kinafanya kazi gani na ni cha nani, kiondoe. Kinachofanya kazi ambayo kivinjari kinaifanya chenyewe, kiondoe pia. VPN ya bure iondoke bila mjadala. Kisha weka kivinjari cha pili, Firefox au Brave, ukitumie kwa wiki moja kwa kazi zako mwenyewe huku kile cha zamani kikibaki kwa dharura, maana mifumo mingine bado hugoma kwenye kivinjari kimoja na kukubali kwenye kingine. Kazi za wateja zifanyike kwenye dirisha la mgeni. Ukimaliza, mfundishe kijana unayefanya naye kazi, umwonyeshe ile alama ya juu kulia, na umwambie asiweke kitu humo bila kukuuliza.